Shangazi, wakimchamba Hachi naumia mimi

*Shangazi, nina miaka 24, naishi Tanga. Mimi na wenzangu tunasoma NANA, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani), kwenye simu, tunaijadili kwenye grupu la WhatsApp. Tulipofika pale Hachi, mmoja wa wahusika wakuu, anamwacha mpenzi wake Nobu na kwenda kwa Takumi, mwanamuziki maarufu, grupu zima lilimtukana: hana akili, anapenda hela. Nami niliandika hivyohivyo, nikatupia na emoji ya kucheka. Usiku nikalia. Huu mwezi wa tatu nimerudiana na mwanaume aliyenisaliti, na hakuna anayejua. Je, mimi ni mjinga kama Hachi?*

Binti yangu, hiyo emoji ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kwanza. Wengi tumewahi kucheka hivyo, simu mkono mmoja, mwingine upindo wa kanga machoni.

Hadithi naijua, bintiye dada yangu ndiye aliyeniambukiza. Wasichana wawili wa miaka 20, wote wanaitwa Nana, wanakutana kwenye treni ya kwenda Tokyo, wanapanga pamoja chumba namba 707. Mmoja anambandika mwenzake jina la Hachi, kama Hachiko, yule mbwa wa Japani aliyesifika kwa uaminifu. Mchoraji, Ai Yazawa, aliugua mwaka 2009 na hadithi ikasimama njiani, ndiyo maana wasomaji wamebaki na kesi hii ya Takumi, kila kukicha wanaifungua upya.

Ila grupu lenu limesahau kitu. Hachi alikuwa mjamzito na hakuwa na hakika mimba ni ya nani. Nobu, kipenzi cha wote, alipigwa bumbuwazi. Takumi, pamoja na umalaya wake, alisema mtoto atamkubali hata kama si wake. Mwenye mimba haamui kama msomaji aliyejilaza na bando la wiki. Simtetei Takumi, angekuja kuposa kwangu ningemrudishia barua yake mlangoni. Lakini alichoahidi ni mtoto. Kuacha wanawake hakuahidi.

Sasa wako, siku aliyorudi alisema nini hasa? Yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, usiongeze lako. "Nimekumiss" siyo "nimeachana na yule". Barua yako imejaa Hachi, yeye umempa sentensi moja tu, na hukutaja hata jambo moja analofanya tofauti na zamani. Hilo limenishtua kuliko kurudiana kwenyewe. Mimi nimerudiana mara mbili maishani. Mara moja ilinifaa.

Na hiyo siri ya miezi mitatu ni mzigo. Hachi naye alipohama 707 alishindwa hata kumtazama Nana mwenzake usoni, na pale ndipo mimi nilipomhurumia. Kwenye grupu lenu lazima yupo mmoja aliyekaa kimya siku ile mlipomchamba. Mtafute huyo, pembeni. Habari za Takumi usizianze, mwambie tu, "Nimerudiana naye." Akikutukana niandikie tena, tutafute mwingine.