Biti ya mkia mchongoko: isafishe, usiigonge

Nilikaa karibu miaka miwili na mashine ya kutoboa ya kusimama bila kujua kwamba chaki yake inatoka. Chaki ninayosema ni ile ya chuma yenye taya tatu na ufunguo wake, si ya ubaoni. Mashine niliinunua mtumba mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, rangi ya kijani imebabuka, chaki iko mahali pake, nikadhani mambo yanaishia hapo. Nikihitaji tundu linalozidi milimita 13 nilikuwa nabeba chuma changu mpaka kwa fundi jirani na kulipa. Siku moja alikuja kwangu, akashusha spindeli, ule mhimili unaozungusha chaki, kwa mkono, akanionyesha tundu refu jembamba ubavuni mwake. "Hili unadhani la nini, la kupumulia?"

Ni tundu la kabari. Ukiliona kwenye mashine yako, jua ndani ya spindeli kuna shimo lililochongoka, na chaki imejishikilia humo kwa mkia wake tu, bila skrubu wala nati. Ukiingiza kabari chaki inatoka, na mahali pake unapachika biti kubwa yenye mkia mchongoko kama huo. Mchongoko huo unaitwa tepa ya Morse, kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani wa miaka ya 1860 aliyetuletea pia biti ya kusokota tunayoitumia mpaka leo. Mwinamo wake ni mdogo sana, kipenyo kinapungua kama milimita moja kwa kila milimita 20 za urefu, ndiyo maana vyuma viwili vikikutana vinang'ang'aniana.

Kabla hujanunua biti, pima mdomo wa shimo. Ukipata karibu milimita 12, hiyo ni tepa ya Morse namba 1. Karibu 18 ni namba 2. Karibu 24 ni namba 3. Mashine nyingi za karakana ya nyumbani ni namba 2, na zile ndogo za mezani mara nyingi hazina shimo kabisa, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Biti za mkia namba 2 kwa kawaida zinafika milimita 23. Yenye mkia mdogo kuliko shimo unaivalisha slivu, yaani ganda la chuma linalounenepesha mkia. Yenye mkia mkubwa kuliko shimo nayo ina adapta yake madukani, lakini mimi siishauri: mota na mikanda ya mashine ya nyumbani haiwezi kuzungusha biti ya milimita 30 kwenye chuma. Utabaki unanusa mpira ulioungua.

Sasa kosa langu. Biti yangu ya kwanza ilikuwa ya milimita 20. Nikaona mkia wake umekauka, shimo nalo kavu, nikapaka grisi pote pawili. Nilidhani naitunza mali. Nikaipandisha, nikaigonga kwa nyundo kutoka chini ili ikae sawasawa, nikaanza kutoboa bamba. Ilipokaribia kutokea upande wa pili ikanasa. Spindeli ikaendelea kuzunguka, biti imesimama, na mlio ule siusahau. Nilipoitoa, ulimi wake, kile kipande bapa cha mwisho wa mkia, ulikuwa umejikunja kama kijiko cha bati, na mkia wote una michirizi.

Watu wengi wanadhani ulimi ndio unaozungusha biti. Kazi yake hasa ni kusukumwa na kabari wakati wa kutoa. Kinachozungusha ni msuguano wa mkia mzima dhidi ya shimo zima, na grisi kazi yake ni kuua msuguano. Futa mkia kwa kitambaa chenye petroli kidogo (mashine imezimwa, plagi imechomolewa), zungushia kidole kitambaa kingine ufute shimo, kisha papasa polepole. Ukihisi kijiwe au kinundu, usipachike kitu. Mimi nililazimika kuazima rima (chuma chenye makali cha kusawazishia shimo) ya namba 2, nikaizungusha kwa mkono taratibu mpaka vinundu vikaisha. Msasa usiutumie humo, utaharibu mchongoko. Kujua kama mkia unagusa kote, chora mistari mitatu ya rangi ya mdomo kwa urefu wake, upachike, utoe, uangalie rangi imefutika wapi. Rangi yenyewe omba kwanza, mimi sikuomba.

Kupachika ni rahisi: linganisha ulimi na tundu la kabari, sukuma juu kwa mkono kwa nguvu ya ghafla mara moja. Kama unataka uhakika, weka kipande cha mbao mezani ushushe biti juu yake kwa mpini. Inatosha. Kutoa, weka mbao chini, shika biti kwa kitambaa kinene, ingiza kabari upande wake wa mviringo ukiwa juu, gonga kidogo.

Biti hizi ni ndefu. Ya milimita 20 inakaribia sentimita 24, kwa hiyo shusha meza mapema, ingawa ukitoa chaki unarudishiwa nafasi nzuri. Anza na tundu la milimita 6, funga chuma kwenye jiliwa na jiliwa ulifunge mezani kwa bolti. Mkanda uweke kwenye puli za mwendo wa chini: kwa chuma laini, milimita 20 inataka mizunguko kama 400 kwa dakika, si zaidi. Na usijaribu kupachika kisu cha kusaga, kile kinachokata chuma kwa ubavu. Mkia huu unavumilia kusukumwa kwenda juu. Ukitikiswa ubavuni unaachia, na kisu kinashuka kikiwa bado kinazunguka.

Kwenye mitumba utakuta biti ambazo mkia umekerezwa ukawa mnyoofu ili uingie kwenye chaki. Ziache, zitateleza. Nyingine pitisha ukucha kwenye mkia. Ukikwama, rudisha kwenye rundo hata kama bei ni ya kutupa. Ile yangu yenye ulimi uliojikunja ninayo bado, inazuia mlango wa karakana usipigwe na upepo.