Gauni la tatu la kulalia

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Naandika hadithi ya fumbo. Ni Uingereza ya Malkia Victoria, mwaka 1858, jumba la shamba lililo peke yake, mvua, mshumaa, maiti. Mume wangu kaisoma, anasema haitishi, na anauliza kwa nini mke wa mwenye nyumba asiondoke zake. Nimeongeza mzimu ghorofani, bado. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzimu mtoe.

Nikupe kisa cha kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1860, huko Wiltshire, katika jumba la Road Hill House, mtoto wa miaka mitatu, Saville Kent, alitolewa kitandani chumbani kwa yaya. Asubuhi alikutwa ameuawa, ametumbukizwa kwenye shimo la choo cha nje. Nyumba ilikuwa imefungwa. Dirisha la sebuleni ndilo lililokutwa wazi, nalo lilifunguliwa kwa ndani. Kwa hiyo muuaji alikunywa chai na wenzake asubuhi ile.

Mpelelezi Jonathan Whicher alitoka London. Hakutafuta mzimu, alihesabu nguo. Binti wa nyumba hiyo, Constance, mwenye miaka 16, alikuwa na orodha ya nguo zake: magauni matatu ya kulalia. Yaliyokuwepo ni mawili. Whicher akamkamata, lakini akaachiwa, na mpelelezi akasemwa vibaya nchi nzima: mtu wa tabaka la chini anathubutuje kumshuku binti wa watu? Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe.

Mimi kila nikifika kwenye lile gauni la tatu mwili unanisisimka. Hadithi yako ina milango inayolia na popo, lakini haina mfuaji! Jumba zima bila mtumishi hata mmoja, nani alibeba maji ya kuoga?

Kuhusu mke: sheria iliyompa mwanamke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake ilikuja 1882. Wako angeondoka na nini? Mwonyeshe akihesabu nauli ya treni asiyokuwa nayo.

Na mshumaa wako unaangaza ukumbi mzima, jambo lisilowezekana. Juzi umeme ulikatika hapa Ilala, nikapanda ngazi na mshumaa mkononi. Niliona kidole gumba changu chenye nta na ukingo wa ngazi moja, basi. Nikihema tu, mwali unalala. Mjukuu wangu, aliyekaa gizani juu kabisa, alikuwa akiniona tangu nilipotoka jikoni; mimi sikujua yupo mpaka alipokohoa. Mwenye mshumaa huonekana kabla hajaona. Hapo ndipo pa kumweka muuaji wako.

Anza upya sura ya kwanza, siku ya kufua, msichana wa kazi ameshika orodha na nguo moja haipo. Kisha nitumie.