Usiuamini weusi wa udongo wa juu, chimba shimo kwanza

Shamba letu la Lushoto liko mteremkoni, na nililipokea likiwa na mchanganyiko: juu mikaratusi, katikati kahawa na migomba chini ya migrivea, miti ya kivuli, na kwenye kontua, yaani mistari inayokata mteremko, majani ya gwatemala ya kulishia ng'ombe. Nilikata mikaratusi ya kipande kimoja nikapanda maharage. Udongo ulikuwa mweusi, nikafurahi. Msimu wa kwanza nilivuna. Msimu wa pili maharage yaligeuka manjano yakiwa hayajafika shubiri moja, na jasho la familia nzima likapotea.

Mzee jirani yetu alikuja kutazama. "Mwanangu, huko chini umeangalia?" Nilikuwa sijaangalia. Tukachukua sururu na chepeo.

Pale penye visiki vya mikaratusi, weusi ulikuwa wa vidole vinne tu. Chini yake udongo mwekundu, mkavu, mnyoo hata mmoja hakuna. Nilidondosha maji juu ya ule udongo mweusi, tone likabaki mviringo kama juu ya jani la jimbi. Majani ya mkaratusi yana mafuta na huoza polepole, kwa hiyo mboji yake hukaa juu juu. Nililima mara mbili, mvua ikaiteremsha bondeni.

Kwenye kahawa weusi ulififia taratibu hadi shubiri mbili, umejaa njia za minyoo. Vigogo vya migomba vinavyoozea pale vinarudisha potasiamu nyingi.

Gwatemala ndiyo iliyonishangaza. Mizizi yake myembamba kama nyuzi ilishuka kupita urefu wa goti langu, na kila uzi umevaa udongo mweusi. Kumbe nyasi hutengeneza mboji kule kule chini, kwa mizizi inayokufa na kuota upya, hata kama majani yote unakatia ng'ombe.

Virutubisho navyo vina tabia zake. Fosforasi haisafiri, na kwenye udongo mwekundu kama wetu chuma na alumini huishika isitoke. Nitrati, ambayo ni naitrojeni iliyoyeyuka majini, hushuka na mvua. Magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, watafiti waliikuta imejikusanya chini ya mahindi kati ya nusu mita na mita 2, mizizi ya mahindi haiifikii. Mizizi ya sesbania, kijiti cha jamii ya mikunde, iliifuata huko, ikairudisha juu kupitia majani. Ukiwa na kipande unachokipumzisha, panda sesbania.

Kwa hiyo, mkulima mwenzangu, ukichukua sampuli ya udongo usichanganye. Sentimita 0–20 mfuko wake, 20–50 mfuko wake, andika na mmea uliokuwa umesimama hapo, kisha peleka maabara. Huku Tanga tuna TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo. Maharage yataishi na jibu la mfuko wa kwanza. Kwa kahawa au parachichi, soma wa pili kwa makini zaidi.

Na ukikata mikaratusi, tafadhali usichome yale majani. Mimi nilianza upya kwa fiwi, zao la jamii ya kunde, nikafukia alizeti pori (tithonia) mbichi kutoka uani. Majani yake makavu yana naitrojeni takriban asilimia 3.5 na potasiamu kama 4, ila ujue rutuba hiyo umeihamisha kutoka pale ilipoota. Mwaka huu, wa tatu, nimechimba tena palepale. Weusi umefika shubiri moja, na kwenye chepeo alikuwemo mnyoo.