Kabla hujaandika "mitofaji imeongezeka"

Juzi mdogo wetu mmoja wa maabara alinionyesha bloti yake (picha ya mikanda ya protini) kwenye simu, uso unang'aa. Mkanda wa LC3-II, protini ya otofaji (seli kula taka zake yenyewe), mnene kama muhuri wa serikali. "Dada, mitofaji imepanda mara tatu!" Mitofaji ni seli kuzoa mitokondria zake mbovu, vile viwanda vyake vya nishati. Nikamuuliza, bafilomisini, ile dawa ya kuzima lisosomu, iko wapi? Kimya. Huyo ni wa tatu tangu mwaka uanze. Nawapenda, ndiyo maana nimekaa usiku huu niandike, lakini kulijibu swali hilohilo kila mwezi kumenichosha.

1. LC3-II ikiongezeka, bado hujajua kitu.

Ukitoka asubuhi ukakuta viroba vya taka vimejaa mbele ya kila nyumba, huenda mtaa mzima umefanya usafi. Huenda pia gari la taka halijapita wiki mbili. Viroba ni vilevile. LC3-II hujishika kwenye otofagosomu, kifuko cha kubebea taka, inapojengwa, na ile ya ndani humeng'enywa lisosomuni, tumbo la seli. Lisosomu ikikwama, viroba vinarundikana, nawe unapiga makofi.

Mimi nililijua hili kwenye makala tu. Mwaka wa pili wa uzamivu nilikuwa na dawa niliyoichuja kutoka gome la mti. Kila nilipoiweka kwenye seli, LC3-II ilipanda. Kwa miezi minane nikarudia, ikapanda tena na tena. Tatizo ni kwamba p62, protini inayoshika taka, nayo ilikuwa inapanda, ilhali p62 huliwa pamoja na mzigo. Njia ikiwa wazi, kwa kawaida hupungua. Nililiona hilo. Nikajiambia jeni lake limeamshwa tu (jambo ambalo hutokea kweli), kisha nikaacha kuiweka picha ya p62 kwenye slaidi. Hapo ndipo kosa lilipo. Bafilomisini niliisahau, p62 niliificha.

Mjomba wangu ana ugonjwa wa Parkinson. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka kabla hajafika miaka hamsini. Nilimweleza kwa simu kwamba watu wengine huupata wakiwa wadogo kwa sababu jeni za PINK1 au Parkini zimeharibika, mitokondria mbovu hazizolewi, na kwamba huenda nina kitu cha kusaidia uzoaji. Akasema, "Nitumie hata kidogo, mwanangu." Wiki nzima nililifikiria ombi lake.

Kisha ikaja siku ya kuwasilisha. Mgeni mmoja akauliza kwa upole: ukiongeza bafilomisini, mkanda unapanda zaidi? Kama dawa inaongeza kazi kweli, gari la taka likisimamishwa viroba huzidi. Sikuwa na jibu. Jaribio lenyewe lilichukua siku nne. Bafilomisini peke yake, mkanda juu. Bafilomisini na dawa yangu, mkanda palepale, haukuongezeka hata kidogo. Rangi inayowaka kwenye lisosomu zenye asidi ikafifia. Dawa yangu ilikuwa inaziba lisosomu, kama inavyofanya klorokwini, ileile tuliyoimeza utotoni tukajikuna usiku kucha, kabla Tanzania Bara haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ningempa mjomba kitu cha kumzuia asizoe hata kile kidogo anachoweza kuzoa. Nilimpigia siku hiyohiyo. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo sampuli ni nne: bila kitu, dawa, bafilomisini, zote mbili. Bafilomisini nanomola 100, kwa muda wa saa mbili hadi nne. Ukiiacha usiku kucha utakuwa unapima seli zinazokufa.

2. Seli za HeLa, zile za saratani tunazokuza maabara, karibu hazina Parkini, protini inayotia alama mitokondria mbovu. Kama hukuiingiza mwenyewe, usiisubiri ije kwenye mitokondria.

3. TOM20, protini ya utando wa nje wa mitokondria, kupotea si ushahidi. Parkini ikishabandika yubikwitini (alama ya kutupwa) kwenye utando wa nje, proteasomu, mashine ya kukatakata protini, hula protini za hapo bila otofaji kuhusika. Angalia kitu cha ndani, HSP60 au DNA ya mitokondria yenyewe.

4. Mt-Keima, protini inayowaka tunayoiweka kwenye mitokondria, haifiksiwi, yaani seli zake hazigandishwi kwa kemikali. Inasoma asidi, na ukiimwagia paraformaldehaidi ile tofauti ya asidi inaondoka. Mwaka jana kijana mmoja, mchapakazi kweli, alifiksi sahani sita saa nne usiku ili apige picha asubuhi akiwa amepumzika. Nilimkuta kwenye darubini anabadilisha mipangilio, akidhani leza imeharibika. Tulikunywa chai, tukapanda seli upya pamoja. Ukitaka kufiksi, tumia mito-QC, alama nyingine inayowaka.

5. CCCP, kemikali tunayoharibia mitokondria maabara, ni nyundo. Inavunja chaji ya mitokondria zote kwa mpigo, na hakuna neuroni ya binadamu inayoishi hivyo. Mwaka 2018 ilionekana kwa panya na kwa nzi kwamba mitofaji ya kila siku huendelea hata PINK1 isipokuwepo. Seli changa nyekundu za damu hutoa mitokondria zake kwa NIX, protini nyingine kabisa. Kwa hiyo ukiandika kuhusu wagonjwa, sema ni njia ipi uliyopima, katika seli gani. Kuna mtu nyumbani kwake atakayeisoma sentensi hiyo akiwa ameushika mkono unaotetemeka.

Bafilomisini iko friza ya chini, rafu ya pili, kisanduku chenye karatasi ya njano. Nimeshaigawa kwenye vichupa vidogo. Chukua, andika jina lako kwenye daftari, na ukipiga bloti niletee picha ya p62 pia, hata kama ni mbaya.