Faili la ISO limo kwenye flashi, mbona laptopu haiwaki nalo?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Langoni, Lamu. Nimepakua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kwa bando la simu ili nifufue laptopu kuukuu ya shule. Nimelinakili faili la ISO kwenye flashi ya GB 16 na kuichomeka, lakini laptopu inaipita tu, inafungua Windows. Flashi ni mbovu?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu. Flashi yako ni nzima. Faili la ISO ni taswira ya diski nzima, pamoja na programu ndogo ya kuwashia mashine. Ukilinakili hivihivi, kwa laptopu hilo ni faili tu, sawa na picha au wimbo. Mashine inapoamka huitafuta ile programu mahali maalumu. Kwa mashine za UEFI, yaani zenye mfumo mpya wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS, ni EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Isipoikuta, inarudi kwenye diski yake. Kwa hiyo taswira huandikwa juu ya flashi, haitoshi kuinakili.

Kwanza hakikisha faili limeshuka lote, maana bando la simu hukatika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile mint.iso SHA256, ukiweka jina la faili lako. Utapata herufi na tarakimu 64, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Ikitofautiana hata moja, pakua upya.

Kisha fungua Rufus, programu ya Windows ya kuandika ISO juu ya flashi, chagua flashi, chagua faili, bonyeza START. Vilivyomo kwenye flashi vitafutika vyote, basi vihamishe mapema.

Kama unatumia Linux, iko amri ya dd inayoandika taswira juu ya diski yoyote utakayoitaja, na hapa nakuomba utulie. Nilipoanza kazi hapa Malindi, niliandika ISO juu ya diski ya nje ya mteja nikidhani ni flashi yangu. Ilikuwa na video ya harusi ya bintiye. Mama yule alikaa kwenye benchi la duka, akaniuliza mara tatu kama kweli hakuna njia. Haikuwepo.

Tangu siku hiyo nafanya hivi: flashi ikiwa nje, naandika lsblk, amri inayoorodhesha diski zilizopo. Naichomeka, naandika tena. Mstari uliozuka, tuseme sdb 14.9G, ndio flashi. Diski ya GB 500 husoma 465.8G. Ndipo:

sudo dd if=mint.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync status=progress

Ni sdb, yaani flashi nzima, si sdb1, ambayo ni sehemu yake tu. Subiri amri imalize yenyewe ndipo uchomoe.

Ukiwasha laptopu, bonyezabonyeza F12 ikiwa ni Lenovo au Dell, F9 ikiwa ni HP, uichague flashi. Na ukiichomeka baadaye kwenye Windows ikadai flashi ifomatiwe, kataa. Windows haiusomi tu mpangilio wa Linux. Kazi yako iko palepale.