Nitumie kivuli kwanza

Mwenzangu anapiga picha za video Arusha, mimi nazihariri Tanga. Zamani tulikuwa tunatumiana mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera. Kamera yake inarekodi megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo mahojiano ya saa moja yanakaribia GB 45. Kwa intaneti yake inayopakia megabiti 5, hapo ni saa 20, umeme usipokatika. Siku moja ulikatika imefika asilimia 87. Akachoka, akaitia diski kwenye basi la asubuhi. Jioni nikaipokea stendi.

Siku hizi vinatangulia vivuli. Kama vile unavyopeleka kivuli cha cheti huku cheti chenyewe umekifungia kabatini, anatoa nakala nyepesi ya kila faili: picha yenye mistari 540 tu kwenda chini, megabiti 2 kwa sekunde. Mahojiano yale yale ya saa moja yanashuka hadi GB 0.9, yananifikia ndani ya nusu saa. Nakata na kupanga diski ikiwa bado kwenye basi. Ikifika naunganisha mafaili halisi badala ya vivuli, na mikato yote inakaa pale pale. Kutengeneza vivuli, programu ya ffmpeg inatosha, tena ni ya bure.

Ila majina ya mafaili yasiguswe, na idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, ilingane kwa kila sekunde. Hili la fremu lilinitesa. Kamera ilirekodi fremu 25 kwa sekunde, vivuli vikatoka na 30. Mkato niliouweka mzee anapomaliza kucheka ukaangukia katikati ya sentensi yake, na unaofuata ukawa mbali zaidi. Nilirudia kazi nzima usiku kucha. Sasa kabla ya yote nakagua faili moja tu.

Kutazama pamoja ni kazi nyingine. Usionyeshe video kwa kushiriki skrini kwenye mkutano: mara nyingi programu hizo hutanguliza maandishi yasomeke vizuri, fremu zinapunguzwa, picha inarukaruka. Mimi narusha kwa programu ya OBS kupitia SRT, itifaki ya kusafirisha video mtandaoni ambayo kampuni ya Haivision waliifanya huria mwaka 2017. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikipotea njiani inaombwa tena, mradi uiachie muda. Naiachia sekunde 2, huku tunaongea kwa simu ya kawaida.

Sekunde hizo 2 zilituletea ugomvi. Akisema "hapo hapo!", mimi nimeshapita. Nikaweka saa kwenye kona ya picha, naye sasa anasoma tu: dakika 4, sekunde 12.