Kona ya Gereji: Kabla hujanunua turbo, cheki PCV

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina Impreza WRX ya 2001, injini EJ20 ya turbo. Nikikaa kwenye foleni alafu nikaondoka inaachia moshi wa bluu nyuma mpaka bodaboda wananilalamikia, oili inapungua, na hozi ya intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, nimefungua nimekuta imelowa oili. Fundi wangu kasema turbo imekufa, nikatafute used Dar. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela iweke pembeni kwanza. Inawezekana kweli turbo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, imekufa, ila kwa dalili hizo mi ningeanza na kidude kidogo kinaitwa PCV valvu, kinachorudisha gesi za tumboni mwa injini zikachomwe, maana mafundi wetu wengi wakiona moshi na oili kwenye hozi hukumu ishatoka hapohapo, turbo, alafu unafunga nyingine na yenyewe baada ya muda inaanza moshi uleule.

Iko hivi. Injini yoyote, hata mpya, kuna gesi inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka chini kwenye oili na lazima itafutiwe njia ya kutoka. Zamani ilikuwa inaachiwa tu nje kwa bomba, mpaka California mwaka 1961 wakaweka sharti irudishwe kwenye injini ichomwe. Gari isiyo na turbo haina shida, manifoldi, yale mabomba ya kugawa hewa kwenye injini, inanyonya karibu muda wote. Ya turbo sasa, ukiwa silensa, yaani injini inaunguruma hujakanyaga mafuta, manifoldi inanyonya, ukikanyaga busti, ile presha ya hewa ya turbo, inapanda na manifoldi hiyohiyo inasukuma, kwahiyo valvu inatakiwa ijifunge yenyewe na gesi zipite hozi za kwenye tapeti kava, mfuniko wa valvu za injini, kwenda bomba la hewa la kabla ya turbo. Valvu ikiganda wazi, kila ukikanyaga busti inaingia tumboni mwa injini. Ikiganda imefungwa au hozi zikiziba, gesi inakosa pa kutokea. Vyovyote vile unapata presha huko chini, na oili ya turbo inarudi sampo, beseni la oili chini ya injini, kwa kushuka tu yenyewe, hamna pampu inayoivuta, ikikuta presha inakwama ndani ya turbo inatokea kwenye sili, nyingine eksozi nyingine intakula. Turbo nzima kabisa inavuta moshi.

Kupima hakutaki mashine. Gari ikiwa silensa fungua kifuniko cha oili, vika pale mdomoni glovu ya mpira ya hospitali, uibane vizuri isivujishe. Ikinyonywa kidogo kuingia ndani uko poa, ikivimba vidole vikasimama kama inakupungia mkono basi presha ipo. Alafu zima gari uitoe valvu yenyewe, imekaa kwenye manifoldi maeneo ya chini ya throto. Itikise, nzima inalia kachaka-kachaka, puliza upande wa injini hewa inapita, upande wa manifoldi inagoma. Isipolia tupa, habari za kuiosha na petroli mi sizipendi. Dukani taja namba ya chesesi na useme ni ya turbo, ile ya gari ya kawaida haijatengenezwa kuzuia busti.

Hozi nazo zibonyeze moja moja. Gari ya miaka ishirini na kitu mipira imekakamaa kama sio kupasuka, hasa ile T ya plastiki ukiigusa tu inakatika, na hapa kwetu kiangazi chote ni vumbi, ufa wowote baada ya hewa klina unapeleka mchanga moja kwa moja kwenye turbo. Hewa klina yenyewe ikiziba, bomba linanyonya kwa nguvu zaidi linavuta mpaka oili kwenye zile hozi za tapeti kava. Umebadilisha vyote na glovu bado inavimba? Pima kompresheni, hapo ni ringi. Glovu imetulia ila moshi upo, shika shafti ya turbo uitikise, ikicheza mpaka mapanga yanagusa ukuta basi fundi wako alikuwa sahihi, panda basi uende Dar.

SWALI: Mimi nipo Manyoni, Forester turbo. Fundi katoa masega, kile kichujio cha kusafisha moshi, kwenye eksozi na hozi za kupumulia kazielekeza chini zimwage nje, gari imekuwa nyepesi kweli. Kuna ubaya?

JIBU: Nyepesi kwa sababu masega yalikuwa yameziba, na oili inayoungua ni moja ya vitu vinavyoyaua, kwahiyo ugonjwa bado unao umetoa tu kilichokuwa kinauonyesha. Hozi zirudishe. Zikining'inia hivyo hamna kinachonyonya mvuke, unabaki kwenye oili inageuka tope, na harufu itakuingilia ndani ukisimama. Cheki pia kama matundu kwenye bomba la hewa kayaziba, asipoziba inaingia hewa ambayo sensa haijaipima na taa ya cheki injini itawaka, kodi P0171, maana yake hewa nyingi mafuta kidogo. Kama oili ndo inakukera funga kopo la kudakia oili kwenye hizo hozi, ila hozi inayotoka kwenye kopo irudi kwenye bomba la hewa. Masega mengine funga ukishamaliza habari ya oili, sio kabla.